Kwa nini wazo jipya hukataliwa hata na wanaolitaka

Muulize kiongozi yeyote wa taasisi kama anataka watu wenye mawazo mapya, atakujibu ndiyo bila kusita. Ukimuuliza mwalimu, mhariri au daktari, jibu litakuwa lilelile. Ubunifu ni kati ya mambo machache ambayo hakuna anayesimama hadharani kuyapinga. Hata hivyo, aliyewahi kupeleka wazo ambalo ni jipya kwelikweli anajua kinachofuata. Hukutana na kimya, au maswali ambayo mawazo ya kawaida hayaulizwi, au lile jibu la upole kwamba wakati wake haujafika.

Wepesi wetu ni kusema kuwa huo ni unafiki, au wivu, au ujinga. Nadhani maelezo hayo yanatupotosha, na yanawaumiza hata wenye mawazo yenyewe, kwa sababu wanatumia nguvu zao kupigana na adui asiyekuwepo. Wengi wanaokataa jambo jipya hukataa kwa nia njema kabisa. Kinachowasukuma kiko ndani zaidi, na mara nyingi wao wenyewe hawakioni.

Mwaka 2012 watafiti watatu, Jennifer Mueller, Shimul Melwani na Jack Goncalo, walichapisha utafiti unaolionyesha jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua. Waliwaweka baadhi ya washiriki katika hali ndogo tu ya mashaka: waliambiwa kuwa huenda wakapata malipo ya ziada kwa bahati nasibu, huenda wasipate. Walipoulizwa waziwazi, walisema wanaupenda ubunifu. Lakini watafiti walitumia pia kipimo cha kompyuta kinachoangalia mtu anaoanisha maneno kwa kasi gani, kipimo ambacho si rahisi kukidanganya. Hapo watu waliokuwa kwenye mashaka waliuhusisha ubunifu na maneno kama sumu, matapishi na mateso kwa wepesi zaidi kuliko walivyoyahusisha na mambo yaliyozoeleka na yanayotekelezeka. Mdomo ulisema hili, na akili ikafanya lile.

Kuna sehemu ya pili ya utafiti huo ambayo naona ina uzito zaidi. Washiriki walionyeshwa wazo la kiatu cha kukimbilia kinachotumia nanoteknolojia, yaani teknolojia ya vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kurekebisha unene wa kitambaa chake, ili mguu usipate joto wala malengelenge. Wale waliokuwa wamesukumwa kutovumilia mashaka walikipa kiatu hicho alama za chini za ubunifu. Tazama vizuri kilichotokea hapo. Hawakusema kwamba ni kibunifu ila hawakitaki. Hata ubunifu wenyewe hawakuuona. Ndiyo maana mtu anaweza kukataa mawazo mapya kila wiki na bado akaamini kwa dhati kuwa analisubiri wazo zuri, na kwamba halijaja tu.

Kwa nini mashaka madogo namna hiyo yana nguvu kubwa? Wazo la kibunifu hutakiwa liwe na sifa mbili kwa pamoja: liwe jipya na liwe na manufaa. Sifa hizi mbili huvutana. Jambo likishafanywa mara nyingi, ushahidi wa manufaa yake umejaa tele, lakini si jipya tena. Likiwa jipya kabisa, ushahidi haupo, maana hakuna aliyekwishalifanya. Kwa hiyo anayedai uthibitisho kabla ya kukubali anadai kitu ambacho upya wenyewe umekizuia kuwepo. Swali lake ni la busara, na papo hapo haliwezi kujibiwa. Mwenye wazo huondoka akidhani amepuuzwa, na mwulizaji hubaki akidhani ametimiza wajibu wake.

Hapo ongeza uzito wa hasara. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba binadamu huumia kwa kupoteza kuliko anavyofurahi kwa kupata kiasi kilekile, na hesabu zao za baadaye ziliweka tofauti hiyo kuwa ya takriban mara mbili. William Samuelson na Richard Zeckhauser nao, mwaka 1988, walionyesha kuwa watu wakipewa chaguo kadhaa huelemea lile lililotajwa kuwa ndilo lililopo sasa, hata kama wangepewa lilelile bila kuambiwa hivyo wasingelichagua. Wahenga walishalisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hali iliyopo tumeshaijua maumivu yake na tumeshajifunza kuishi nayo. Hali mpya hatujui itauma wapi.

Kama mambo yangeishia hapo, dawa ingekuwa rahisi: leta ushahidi, punguza mashaka, watu watakubali. Historia inakataa. Kuna mawazo yaliyokuja na ushahidi wa wazi, tena wa maisha na vifo, na bado yakakataliwa.

Mikono ya madaktari wa Vienna

Katika miaka ya 1840 Hospitali Kuu ya Vienna, nchini Austria, ilikuwa na kliniki mbili za uzazi. Ya kwanza ilihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wa udaktari, ya pili na wakunga. Katika kliniki ya madaktari, wastani wa vifo vya akina mama kwa homa ya uzazi ulikuwa kiasi cha asilimia 10, na kwa wakunga ulikuwa chini ya nusu ya hapo. Wanawake walijua. Walisihi wapelekwe kwa wakunga, na wengine waliona ni afadhali kujifungulia njiani.

Ignaz Semmelweis, daktari kijana mzaliwa wa Hungaria, alihangaika kutafuta sababu. Alipima msongamano, hewa, chakula, hata mkao wa mama wakati wa kujifungua, asipate kitu. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa kwa bahati mbaya na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Uchunguzi wa mwili wake ulionyesha dalili zilezile za akina mama wa wodini. Semmelweis akaunganisha: madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaingia moja kwa moja kuwapima wajawazito. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi Mei mwaka huo aliwaamuru wote wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Vifo, ambavyo mwezi Aprili vilikuwa asilimia 18 hivi, vilishuka kiangazi kilekile hadi kati ya asilimia moja na mbili.

Ushahidi mkubwa kuliko huo ni upi? Na bado wakubwa wengi wa fani hiyo barani Ulaya hawakumkubali. Alipoteza nafasi yake Vienna, akarudi Hungaria, akafa mwaka 1865 akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na umri wake ulikuwa miaka 47.

Kisa hiki husimuliwa sana kama hadithi ya shujaa na wapumbavu, na hapo ndipo maana yake inapopotea. Wapinzani wake walikuwa na sababu za kitaalamu. Nadharia kwamba vijidudu ndivyo huleta magonjwa ilikuwa bado haijasimama, kazi za mwanasayansi Louis Pasteur kuhusu vijidudu zilikuwa bado hazijafanyika, na Semmelweis hakuweza kueleza ni kitu gani hasa kilichohama kutoka kwenye maiti kwenda kwa mama. Alichelewa mno kuandika: kitabu chake kilitoka mwaka 1861, miaka 14 baada ya ugunduzi. Na alipoandika, aliwatukana wakubwa wa fani na kuwaita wauaji.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote, kwa maoni yangu, haikuwa ya kitaalamu. Fikiria daktari wa miaka hamsini, mtu mwema, aliyezalisha mamia ya akina mama na kuwazika wengi wao kwa huzuni ya kweli. Sasa anaambiwa anawe mikono. Kunawa ni jambo dogo, la dakika chache. Ila akikubali kunawa leo kwa sababu hiyo aliyopewa, amekubali pia kwamba jana na juzi na miaka yote iliyopita ni mikono yake iliyowaua. Wazo halikumwomba tu abadili desturi. Lilimtaka ajihukumu.

Haya si makisio matupu. Gustav Adolf Michaelis, daktari wa uzazi huko Kiel nchini Ujerumani, alikuwa miongoni mwa wachache waliomwamini Semmelweis mapema. Alianzisha unawaji katika kliniki yake na akaona vifo vikipungua. Pamoja na ushindi huo likaja jambo jingine: alitambua kwamba binamu yake, aliyempima mwenyewe na ambaye baadaye alikufa kwa homa ya uzazi, huenda alikufa kwa mkono wake. Mwaka 1848 Michaelis alijiua.

Upande wa pili wa bahari, daktari Oliver Wendell Holmes alikuwa ameandika huko Boston mwaka 1843 kwamba madaktari ndio wanaosambaza homa hiyo kutoka kwa mama mmoja hadi mwingine. Mmoja wa wapinzani wake wakuu, Charles Meigs wa Philadelphia, alijibu kuwa madaktari ni waungwana, na mikono ya waungwana ni safi. Jibu hilo halina sayansi ndani yake. Ni mtu anayetetea heshima ya watu wa kazi yake, na kwa moyo wake wote anaamini anatetea ukweli.

Tukilitazama wazo jipya kwa njia hii, swali linageuka. Tumezoea kuuliza kama wazo ni zuri na kama ushahidi wake unatosha. Tungeuliza pia: nani atalazimika kukiri nini, ikiwa wazo hili ni kweli? Nani ujuzi wake wa miaka thelathini utakuwa umepungua thamani kufikia kesho? Ukipata majibu ya maswali hayo, mara nyingi umeshapata ramani ya upinzani utakaokuja, pamoja na ukali wake.

Wanaokataa wanapokuwa na haki

Si haki kuandika juu ya jambo hili bila kuwatetea wanaokataa. Mawazo mapya mengi ni mabaya. Tunawakumbuka kina Semmelweis kwa sababu walikuwa sahihi, na wale waliokataliwa kwa haki, ambao ni wengi mno, hakuna anayewaandikia vitabu. Jamii inayokubali kila jambo geni ingejiangamiza kwa dawa za uongo na madaraja yanayoanguka.

Tena, mara nyingine wazo sahihi huja limefungwa pamoja na maelezo yasiyo sahihi. Alfred Wegener, Mjerumani mtaalamu wa hali ya hewa, alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yaliwahi kushikana na kisha yakaachana na kusogea mbali. Alikuwa na hoja nzuri: kingo za Afrika na Amerika Kusini zinavyolingana, visukuku vya viumbe walewale pande zote mbili za Atlantiki, alama za barafu ya kale katika nchi ambazo leo zina joto. Lakini alipoulizwa ni nguvu gani inayosukuma bara zima, alitaja nguvu zinazotokana na mzunguko wa dunia na mvuto wa mwezi na jua. Harold Jeffreys, mwanafizikia wa Uingereza, alipiga hesabu na kuonyesha kuwa nguvu hizo ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Jeffreys alikuwa sahihi. Wegener alifariki Greenland mwaka 1930, na ni hadi miaka ya 1960, sakafu ya bahari ilipochunguzwa na kuonekana inazaliwa upya katikati na kutanuka, ndipo wanajiolojia walipokubali kwamba mabara yanasafiri.

Kosa la wapinzani wake liko mahali pembamba. Walithibitisha kwamba maelezo yake ya sababu hayasimami, kisha wakachukulia kuwa na jambo lenyewe halikutokea. Hayo ni mambo mawili tofauti, na akili inayotafuta pa kutokea huyachanganya kwa urahisi sana. Ilisaidia pia kwamba Wegener hakuwa mwanajiolojia. Mgeni akikosea kidogo, kosa lake huhesabiwa kuwa dalili ya kutojua lote. Mwenyeji akikosea, huhesabiwa kuwa amekosea tu.

Ujuzi unapokuwa ukuta

Mtu angetegemea kwamba wataalamu ndio watakaotambua jambo jipya lenye thamani katika fani yao. Kevin Boudreau, Karim Lakhani na wenzao walilipima hilo kwa maombi 150 ya utafiti wa tiba, yaliyogawiwa bila mpangilio kwa wataalamu 142, kila mmoja akisoma 15. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, ni mawili. Maombi yaliyokuwa mapya sana yalipewa alama za chini. Na kadiri ombi lilivyokaribia eneo analolijua mtathmini, ndivyo alivyolibana zaidi. Anayejua sana huona kila ufa. Hilo ni jema pale ambapo kazi ni kukagua jengo lililokamilika, lakini wazo changa lote ni nyufa, na ukaguzi wa namna hiyo haubakizi kitu.

Mwaka huohuo Justin Berg alichapisha utafiti kuhusu sanaa ya sarakasi. Aliwaomba wasanii na mameneja watabiri ni maonyesho gani mapya yatakayopendwa na watazamaji. Wasanii waliwashinda mameneja katika kutabiri mafanikio ya kazi mpya za wenzao. Kwa kazi zao wenyewe walijipendelea. Naona matokeo haya yana haki ndani yake kwa pande zote: mwenye wazo si hakimu mzuri wa wazo lake, na msimamizi naye si hakimu mzuri wa upya. Anayefaa zaidi ni mtu ambaye bado anaumba vitu, ila hiki kinachohukumiwa si chake. Taasisi nyingi zimeupanga uamuzi kinyume kabisa. Kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo anavyoacha kuumba na kubaki akiamua, na anaamua akijua kuwa akikubali wazo likashindwa jina lake litatajwa, ilhali akikataa wazo ambalo lingefaulu, hakuna atakayejua kamwe.

Ukuta huu hauhitaji hata mtu wa kuulinda. Pierre Azoulay na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2019, walifuatilia fani za sayansi ya uhai baada ya mwanasayansi mashuhuri kufariki mapema. Waliokuwa wakishirikiana naye walipunguza kuandika, na watu wa nje wakaingia na mawazo yao, kazi zao zikanukuliwa sana. Cha kushangaza, wengi wa wale mashuhuri hawakuwa wakishikilia vyeo vya kugawa fedha au kuhariri majarida. Kuwepo kwao tu kulitosha kuwafanya wengine wasijaribu. Mawazo mengi mapya hufia hapo, kichwani mwa mwenyewe, kabla ya mtu yeyote kupata nafasi ya kuyakataa.

Kuzoea na kujaribu

Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba watu wakionyeshwa maneno yasiyo na maana, alama ngeni au picha za nyuso wasizozijua, huvipenda zaidi vile walivyoviona mara nyingi. Hawahitaji kuelezwa chochote. Kurudiwa peke yake kunatosha kulainisha ugeni. Kwa hiyo sehemu ya upinzani dhidi ya wazo jipya inaisha yenyewe kwa muda, na mwenye wazo anayelitaja mara moja, akakataliwa na kunyamaza, hakulipa nafasi hiyo.

Lakini kuzoea hakutoshi pale ambapo kukubali kuna gharama. Kwa hilo, mfano bora ninaoujua ni wa wakulima. Mahindi chotara yalianza kuuzwa katika jimbo la Iowa, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Yalizaa zaidi na yalistahimili ukame kuliko mbegu za kawaida. Pamoja na hayo yalidai mambo mawili mazito. Mkulima alipaswa kununua mbegu kila mwaka badala ya kutunza za kwake, na ule ujuzi wa kuchagua magunzi bora ya mbegu, ambao ulikuwa fahari ya mkulima hodari, ukabaki bila kazi.

Bryce Ryan na Neal Gross waliwahoji wakulima 259 wa jimbo hilo, na matokeo yao yakatoka mwaka 1943. Kati ya mwaka 1928 na 1941 wote walikuwa wamekubali isipokuwa wawili tu. Wengi walisikia habari za mbegu hiyo kwanza kutoka kwa wauzaji, ila kilichowashawishi kuipanda kilikuwa majirani. Na karibu hakuna aliyebadilisha shamba lote kwa mkupuo. Walianza na kipande kidogo, wakaongeza msimu uliofuata, wakaongeza tena.

Kipande hicho kidogo kilifanya kazi ambayo hoja haiwezi. Mkulima aliyepanda ekari chache hakuwa ametangaza kwamba baba yake alikosea, wala kwamba mbegu alizochagua kwa mikono yake ni duni. Alikuwa anajaribu tu, na kama jaribio lingeshindwa, sehemu kubwa ya shamba lake ingebaki kama zamani. Miaka ilipopita na kipande kikawa shamba zima, alikuwa ameshabadili msimamo bila kupita mahali popote pa kukiri. Madaktari wa Vienna hawakupewa njia ya namna hiyo: kunawa kulikuja pamoja na hukumu, na Semmelweis, kwa uchungu wake uliokuwa wa haki, aliifanya hukumu hiyo iwe kali zaidi kila alipoandika. Wale wakulima wa kwanza walichukua miaka mingi kutoka kujaribu hadi kupanda mbegu mpya peke yake. Waliowafuata walivuka haraka zaidi, kwa kuwa jaribio walikuwa wamekwisha kulitazama likifanyika shambani kwa jirani.